Nimetia DPPH kwenye vitamini B2, mng'ao ukazima papo hapo. Radikali tulivu inazimaje molekuli iliyosisimka?

#1 Kipimo_Uyole (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, maabara ya chuo fulani. Kazi yetu kubwa ni kupima kama majani ya chai na maganda ya parachichi yana nguvu ya kuua radikali huru. Tunatumia DPPH, ule unga wa zambarau ambao wengi mliopita kemia mnaujua. Ni radikali tulivu: elektroni yake moja haina mwenzi, lakini inakaa chupani kwenye friji bila kumgusa mtu.

Juzi umeme ulikatika, spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga unaomezwa) ikalala, tukabaki na tochi ya UV ya kukagulia noti. Kuondoa uvivu nikasaga kidonge cha B-complex, nikaloweka, nikachuja, nikachanganya na ethanoli. Ukimulika unapata kijani cha njano kinachochoma macho, hiyo ni riboflavini, yaani vitamini B2 yenyewe. Nikatia DPPH mpaka ikafika kama milimola 0.1 kwa lita. Kijani kikapotea hapo hapo. Nikatia unga kidogo wa vitamini C, zambarau ikafifia, kijani kikarudi.

Msimamo wangu: elektroni pweke ya DPPH imevuruga spini (ile tabia ya sumaku ya elektroni) ya riboflavini iliyosisimka, yaani iliyomeza mwanga, nishati ikaishia kuwa joto badala ya mwanga. Vitamini C ilipoua radikali, mwanga ukarudi. Mwenye maelezo mengine alete.

#2 Mpita_Njia
Nimeweka kiti. Kahawa ya Mbozi ipo, wajuzi pitieni.

#3 Wakala_Sae
Mimi tochi hiyo ninayo kibandani. Sasa noti ya elfu kumi ukiipaka hiyo zambarau itaacha kung'aa? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#4 Binti_Rungwe
#3 huyo rafiki yako tutampelekea ugali Gereza la Ruanda, usijali.

Mleta mada, nafundisha kemia huku Tukuyu, na huo mtego nimeona wengi wakiuingia. Riboflavini inatoa mwanga wake karibu na nanomita 525. DPPH ya zambarau inanyonya mwanga kwa nguvu karibu na 517. Umeona zilivyokaribiana? Kwa mkusanyiko uliotaja, sentimita moja ya kimiminika inameza karibu asilimia 90 ya mwanga wa rangi hiyo. Riboflavini inaweza kuwa inawaka vilevile kama mwanzo, ila umeifunika pazia la zambarau. Hapo hakuna spini wala nini.

#5 Mnyalu_Og
Kamwene wote. Mnasahau kitu rahisi zaidi. B2 yenyewe haipendi mwanga. Maziwa yakiachwa juani yanapoteza B2, inavunjika kuwa lumikromu na ndugu zake. Umemulika tochi ya UV muda gani? Labda umeiua mwenyewe.

#6 Kipimo_Uyole
#5 bomba la pili lisilo na DPPH nililimulika muda uleule, likabaki linawaka. Halafu ingekuwa imevunjika isingerudi baada ya vitamini C. Hiyo naifuta.

#4 mwalimu, pazia nalielewa, lakini mbona vitamini C imerudisha mwanga? Ile ni dawa ya radikali, siyo ya rangi.

#7 Binti_Rungwe
Ni dawa ya vyote viwili, ndiyo maana haikusaidii kuamua. DPPH ikipokea haidrojeni inaacha kuwa radikali na kwa wakati huohuo inaacha kuwa zambarau, inabaki njano. Maelezo yako yanatabiri mwanga utarudi. Yangu pia. Jaribio linalotoa jibu moja kwa pande zote mbili halijamaliza kesi.

Fanya hivi: mulika kutoka upande uleule unaoangalia, jicho karibu na kioo. Kama ni pazia, utaona ngozi nyembamba ya kijani iliyogandamana na kioo, kwa sababu mwanga wa hapo haupiti kwenye zambarau nyingi. Kama ni kuzimwa kwa kweli, hata hapo kwenye kioo mwanga utakuwa umefifia kwa kiwango kilekile.

#8 Kisima_cha_Spini
Mwalimu wa #4 amepiga penyewe. Mimi ni mzaliwa wa Makete, sasa hivi nipo Uswidi nafanya udaktari wa fotokemia, naomba niongeze namba maana bila namba tutakesha.

Kuzima kwa mgongano kuna fomula ya Stern na Volmer ya 1919. Mwanga wa mwanzo ukigawa kwa mwanga uliobaki unapata 1 kujumlisha (kasi ya kuzima × muda wa kuishi wa molekuli iliyosisimka × mkusanyiko wa mzimaji). Riboflavini iliyosisimka huishi takriban nanosekunde 5. Kasi ya juu inayowezekana kwenye kimiminika chepesi, kila mgongano ukizima, ni kama bilioni 10 kwa mola kwa sekunde. DPPH yako ni milimola 0.1. Zidisha: 0.005. Yaani mwanga ungepungua nusu ya asilimia moja tu. Jicho la binadamu halioni hilo, na tochi ya noti ndiyo kabisa.

Ili uuzime nusu kwa migongano ungehitaji milimola 20, mara 200 ya ulichotia. Na milimola 20 za DPPH hutaona kitu chochote hapo ndani, itakuwa wino.

Kuna njia nyingine, nishati kuruka kwa mbali bila kugusana, ile ya Förster, na kwa hapa rangi zinaoana vizuri sana. Lakini Förster inafanya kazi hadi umbali wa nanomita kama 5 hivi. Kwa milimola 0.1, molekuli moja ya DPPH na nyingine ziko mbali kwa wastani wa nanomita 25. Ndani ya nanosekunde 5 molekuli haitembei hata 10. Haifiki.

#9 Mpita_Njia
Duh. Kahawa imepoa nikizidisha.

#10 Majani_Mawili
Nimesoma #8 mara mbili. Kwa hiyo ile mada nzima ya radikali tulivu kuzima mwanga ni uongo?

#11 Kisima_cha_Spini
Hapana mkuu, ni kweli tupu. Ni kwamba jaribio hili halijaionyesha.

#12 Kipimo_Uyole
Nimerudi maabara asubuhi hii. Nimefanya kama #7 alivyosema. Ukitazama kutoka upande wa tochi kuna utando wa kijani kweli, mwembamba kama karatasi, umeshika kioo, halafu nyuma yake giza la zambarau. Ukizungusha bomba na kutazama kutoka upande wa pili, hakuna kitu.

Ila sikubali moja kwa moja. Utando ule naona umefifia ukilinganisha na bomba lisilo na DPPH. Si sawa na mwanzo.

#13 Binti_Rungwe
Lazima ufifie, maana tochi nayo inakatwa njiani. Hizi tochi za bei ya kawaida nyingi ni nanomita 395, na DPPH inanyonya huko pia, ina kilima kingine karibu na 325 na mguu wake unateremka. Kwa hiyo pazia ni mbili, moja la kuingia na moja la kutoka. Hata ukibaki na ile njano baada ya vitamini C, njano maana yake bado kuna urujuani na bluu inayomezwa.

#14 Mnyalu_Og
Mwalimu leo amekuja na fimbo. Tukuyu jua lenyewe mnalisikia redioni, mwanga mmeujulia wapi?

#15 Binti_Rungwe
Ndiyo maana tunauthamini. Ndaga.

#16 Elektroni_Pweke
Wakuu mmejadili DPPH kana kwamba ndiyo radikali pekee. Historia fupi: Gomberg alitengeneza trifenilimethili 1900 pale Michigan, akiwa hata hakuitafuta, na ndiyo radikali huru ya kwanza ya kaboni kujulikana. DPPH ni ya 1922, Goldschmidt na Renn. Matumizi ya kupima viondoa radikali, haya anayofanya mleta mada, yametoka kwa Blois 1958. Lakini wanaofanya utafiti wa kuzima mwanga hawapendi DPPH kwa sababu hii hii ya rangi. Wanatumia TEMPO na ndugu zake, nitroksidi. Rangi ya chungwa hafifu, unyonyaji wake karibu na nanomita 460 ni dhaifu mno, kama mara elfu chini ya DPPH. Pazia halipo, na Förster haipo. Na bado inazima. Hapo ndipo swali la mleta mada linapokuwa swali.

Na jibu langu ni elektroni kuhama. Flavini (ukoo wa riboflavini) iliyosisimka ina njaa kali ya elektroni. TEMPO inaweza kutoa yake, ikawa ioni ya oksoamonia. Kisha elektroni inarudi nyumbani, wote wawili wanabaki kama walivyokuwa, nishati imekuwa joto, hakuna ushahidi uliobaki bombani. Hadithi za spini ni mapambo.

#17 Kisima_cha_Spini
Mapambo tena? Haya tukae chini.

Chukua molekuli iliyosisimka ikiwa singleti, spini zake jumla sifuri. Ikitaka kuangukia tripleti (elektroni mbili pweke, spini zikielekea upande mmoja) peke yake, sheria ya spini inaizuia, kwa hiyo kwa molekuli nyingi huchelewa. Radikali ikisogea mpaka mawingu ya elektroni yagusane, chini ya nanomita moja, hesabu haifanywi tena kwa molekuli moja, inafanywa kwa jozi. Singleti na radikali kwa pamoja ni dubleti, yaani spini ya elektroni moja pweke. Tripleti na radikali kwa pamoja inaweza kuwa dubleti au kwarteti, yaani spini tatu zikielekea upande mmoja. Kutoka dubleti kwenda dubleti hakuna sheria iliyovunjwa. Mlango uliokuwa umefungwa umefunguka, na radikali haijapoteza elektroni wala haijapokea nishati ya maana. Imesimama tu pembeni.

Ushahidi kwamba spini si mapambo: tangu 1990 imeonyeshwa kwamba ukizima tripleti kwa nitroksidi, halafu ukaipima radikali kwa ESR (kipimo cha sumaku kinachosoma elektroni pweke) mara moja, spini zake zinakutwa zimeegemea upande mmoja kuliko joto la kawaida linavyoruhusu. Elektroni ingekuwa inahama tu na kurudi, kuegemea huko nani kakuleta?

#18 Elektroni_Pweke
Umejibu kuhusu tripleti, mimi nimesema singleti. Na jozi ya ioni nayo ina spini, nayo inaweza kuacha alama kama hiyo.

Jaribio ni rahisi: badilisha kiyeyusho. Elektroni kuhama kunapenda viyeyusho vyenye ncha za chaji kama asetonitrili, hakupendi heksani. Kasi ikipanda kwenye asetonitrili, nimeshinda.

#19 Kisima_cha_Spini
Ingekuwa rahisi hivyo watu wangeshamaliza. Kwa haidrokaboni nyingi za aromatiki (zenye pete za kaboni, kama pirini na naftalini), TEMPO inazima singleti karibu na kikomo cha mgongano tayari. Kitu kikishafika kikomo, ukibadilisha kiyeyusho unapima unene wa kiyeyusho, hupimi sababu. Labda kwa flavini wewe uko sahihi, ile kweli ina njaa. Kwa pirini au naftalini sikubali.

#20 Binti_Rungwe
Si mngepima tripleti? Kama radikali inasukuma singleti iangukie tripleti, basi ukizima mwanga tripleti ziongezeke. Kama inaiangusha moja kwa moja mpaka chini, au elektroni inahama na kurudi, tripleti zisiongezeke.

#21 Kisima_cha_Spini
Swali zuri, ndilo linalofanywa kwa leza ya mapigo. Tatizo radikali ileile inazima na tripleti pia. Tripleti zinaishi muda mrefu, mikrosekunde mpaka milisekunde, kwa hiyo mikromola chache za radikali zinatosha kuzimaliza. Japo si kila mgongano unafaa: tripleti na radikali zinatengeneza hali sita za spini, mbili dubleti na nne kwarteti, na ni dubleti tu zinazoruhusiwa kushuka mpaka chini. Theluthi moja. Unahesabu watoto wanaozaliwa huku mkunga huyohuyo anawaondoa. Inawezekana, ila inataka mkono mwepesi.

#22 Majani_Mawili
Mimi nipo kiwanda cha chai Mufindi, upande wa ubora. Klorofili ya jani bichi ukiitoa kwa spiriti na kumulika inawaka nyekundu ya damu ya mzee. Ukiiacha mezani inafifia na kugeuka rangi ya kahawia. Nani anaizima pale, na hakuna mtu aliyetia radikali?

#23 Binti_Rungwe
Yupo aliyetia, ni hewa. Oksijeni tunayovuta ina elektroni mbili zisizo na wenzi. Ndiyo radikali tulivu iliyoenea kuliko zote, tena pacha.

#24 Kisima_cha_Spini
Na hapa tena muda wa kuishi ndio unaoamua. Singleti ya klorofili inaishi nanosekunde 5 hadi 6. Ethanoli iliyoshiba hewa ina kama milimola 2 za oksijeni. Hesabu ileile ya #8: mwanga unapungua kwa karibu asilimia 10, basi. Ila tripleti ya klorofili oksijeni inaikamata karibu yote, na haiondoki mikono mitupu: inabeba nishati, inakuwa oksijeni singleti, kilojuli 94 kwa mola juu ya ile ya kawaida. Hiyo ndiyo inayorudi na kuitafuna klorofili. Kwa hiyo #22 rangi yako ya kahawia haitokani na kuzimwa kwa mwanga, inatokana na kilichofuata.

Aliyeonyesha mapema ni Kautsky, Mjerumani, 1931. Alichukua chembe za jeli ya silika, nyingine kazipaka rangi inayong'aa, nyingine kazipaka malakiti kijani, rangi ya dukani, ikiwa katika umbo lake lisilo na rangi, akazichanganya. Chembe hazigusani kwa molekuli. Akamulika, na kukiwa na oksijeni kidogo sana, zile za pili zikageuka kijani. Kitu kimetoka chembe moja kikasafiri hewani mpaka nyingine. Wenzake hawakumwamini mpaka miaka ya 1960.

#25 Kipimo_Uyole
Kisima hii ya Kautsky ni tamu. Sasa swali la kienyeji: sisi Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu nyepesi. Vipimo vya kuzimwa na oksijeni vitatofautiana na vya Dar?

#26 Kisima_cha_Spini
Vitatofautiana. Shinikizo lenu ni kama asilimia 81 ya lile la pwani, na oksijeni iliyoyeyuka inafuata shinikizo. Kwa klorofili hutaona. Kwa pirini utaona: bila hewa singleti yake inaishi nanosekunde kama 400, ikishiba hewa ya usawa wa bahari inabaki na kama 20. Huko Mbeya ingebaki na 24 hivi. Ukinakili namba ya kitabu bila kuangalia ulipo, umeingiza kosa la moja ya tano.

#27 Mnyalu_Og
Iringa mjini tuko chini kidogo ya Mbeya, kwa hiyo oksijeni tunayo zaidi. Sasa mnaelewa kwa nini tunafikiri vizuri.

#28 Mpita_Njia
#27 ni ulanzi huo, siyo oksijeni.

#29 Mzee_wa_Kitalu
Samahani vijana, nimeletwa na mjukuu wangu, kasema huku wanajadili plastiki kuharibiwa na jua. Nalima nyanya na hoho kwenye kitalu nyumba, upande wa Ilula. Nailoni niliyouziwa niliambiwa ina dawa ya UV, itadumu miaka. Imechanika kabla ya muda wake, tena inaanzia pale inapogusa mabomba. Huyo muuzaji simtaji. Hiyo dawa ya UV ni nini, na inahusiana na hizi radikali zenu?

#30 Elektroni_Pweke
Shikamoo mzee. Inahusiana sana. Dawa inayotiwa kwenye nailoni nyingi za vitalu ni amini zilizobanwa, aina ya misombo ya naitrojeni, na ndani ya plastiki juani zinageuka kuwa nitroksidi. Ni ukoo uleule wa TEMPO. Kwa hiyo paa la kitalu chako limejaa radikali tulivu zinazozima molekuli zilizosisimka kabla hazijavunja plastiki.

#31 Binti_Rungwe
Shikamoo mzee. Pweke, hapo umechapia. Nitroksidi zipo ndiyo, ila kazi yao kubwa mle si kuzima hali za msisimko. Plastiki ikivunjwa na jua inatoa vipande vya radikali vya kaboni, nitroksidi inavidaka, inaungana navyo, baadaye inaachiliwa na kuanza upya. Mzunguko, ndiyo maana dawa kidogo inadumu. Kuzima mwanga kunahitaji mzimaji mwingi na aliye karibu, na ndani ya plastiki ngumu hakuna anayetembea kumfuata mwenzake ndani ya nanosekunde.

#32 Elektroni_Pweke
Hazihitaji kutembea kama zimekaa jirani tangu mwanzo. Na tripleti za kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni) kwenye plastiki zinaishi zaidi ya nanosekunde. Sifuti kauli.

#33 Kisima_cha_Spini
Shikamoo mzee. Wote wawili wana kipande. Waliokuwa wazimaji kwa maana halisi ni misombo ya nikeli. Nailoni ya zamani ya vitalu yenye rangi ya kijani-njano, ile ilikuwa na nikeli. Sasa inakwepwa kwa kuwa ni metali nzito.

Mzee, unatumia salfa?

#34 Mzee_wa_Kitalu
Marahaba. Natumia, ubwiri unga ukiingia kwenye hoho hakuna kingine ninachokiamini. Napuliza, na usiku mwingine nafukiza.

#35 Binti_Rungwe
Basi hapo tumefika. Salfa ikikaa kwenye nailoni na jua inaishia kutoa asidi. Asidi inaifunga amini ikawa chumvi, na chumvi hiyo haigeuki nitroksidi. Mzunguko niliosema unakatika. Dawa za klorini zina tabia hiyo hiyo. Nailoni inakuwa kama haikuwekwa kinga. Mzee, si lazima muuzaji amekudanganya, ila alipaswa kukuuliza unapuliza nini. Zipo nailoni zinazotengenezwa kuvumilia salfa, uliza kwa kutaja salfa yenyewe.

#36 Mnyalu_Og
Na pale kwenye mabomba: chuma kinachemka juani, joto linaharakisha kila kitu. Wazee wa vitalu huku wanapaka bomba rangi nyeupe ya maji sehemu inayogusana na nailoni, au wanalifunga kitambaa cheupe. Halafu kwenye nyanda za juu UV inapanda kwa kama asilimia 10 kila mita 1,000. Nailoni iliyojaribiwa nchi ya tambarare isikupe amani.

#37 Mzee_wa_Kitalu
Kitambaa nimekielewa. Salfa nitaipunguza upande wa juu, napuliza chini ya majani. Mbarikiwe.

#38 Parachichi_Njombe
Nimechelewa, nimesoma yote kwa mkupuo. Na ngozi yetu je? Nilisikia melanini nayo ina radikali tulivu ndani yake, imepimwa kwa ESR tangu miaka ya 1950. Ina maana weusi wetu unazima mwanga kwa njia hii hii?

#39 Kisima_cha_Spini
Radikali inazo, ndiyo, hata nywele ulizoacha kinyozi zina mlio wake kwenye ESR. Lakini melanini inageuza mwanga kuwa joto kwa kasi kubwa mno kupitia muundo wake wenyewe, haisubiri radikali. Sehemu ya radikali ni ndogo kulinganisha na mwili mzima wa melanini.

#40 Elektroni_Pweke
Na wala msione radikali ni wazimaji tu. Zipo zinazowaka zenyewe. Ukoo wa trifenilimethili ya Gomberg ukiujaza klorini unatoa mwanga mwekundu, na kwa kuwa hali ya chini na ya juu zote ni dubleti, hakuna tripleti ya kupoteza nishati. 2018 kundi la Jilin na Cambridge lilitengeneza taa ya LED ya ogani ya namna hiyo, ufanisi asilimia 27, nyekundu iliyokolea. Kwa hiyo "radikali inazima kwa sababu ni radikali" haitoshi kama maelezo. Inategemea nishati ya hali yake yenyewe iko wapi na elektroni yake ina urahisi gani wa kuhama.

#41 Kisima_cha_Spini
Hapo nakubaliana nusu. Nishati ya hali yake, ndiyo. Kuhama, bado.

#42 Kipimo_Uyole
Nimepata njia ya kuepuka pazia, mniambie kama ina tundu. Kuna wazo la Blough na Simpson, 1988: unafunga nitroksidi moja kwa moja kwenye molekuli inayong'aa, kwa mnyororo mfupi. Umbali haubadiliki, mkusanyiko hauna maana tena, mwanga umezimwa muda wote. Ukiiondolea uradikali kwa vitamini C, rangi haibadiliki kiasi cha kuleta ubishi, ila mwanga unapanda mara nyingi. Nikipata kidogo ya namna hiyo nitapima hapa, bila zambarau.

#43 Binti_Rungwe
Hiyo imekaa vizuri. Tundu moja: hakikisha vitamini C yenyewe haigusi kinachong'aa. Weka bomba la tatu lenye molekuli isiyo na nitroksidi pamoja na vitamini C.

#44 Elektroni_Pweke
Na ukiwa na mnyororo, jaribu wa urefu tofauti. Spini kwa kugusana inakufa haraka ukirefusha, elektroni nayo inakufa lakini inasikiliza kiyeyusho. Pima kwenye vyote viwili, heksani na asetonitrili.

#45 Kisima_cha_Spini
Na uitoe hewa kwanza. Puliza naitrojeni nusu saa, la sivyo oksijeni itakuwa imeshafika kabla ya nitroksidi yako na wewe utaandika jina lisilo lake.

#46 Kipimo_Uyole
Naitrojeni mtungi umeisha, wameahidi wiki ijayo. Mwenye mtungi upande wa Mbeya mjini anitafute inbox.